Kwa nini kifaru kidogo hakizami: somo la skeli kutoka tope la Mwakitolyo

  

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa Mwakitolyo kukusanya data za tasnifu ya uzamili, mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi tukajifanya wajanja, tukapita njia ya mkato kwenye mbuga. Kama hujawahi kuona udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga ukilowa, nikuambie tu kwamba haukuachii. Gari likazama hadi ekseli. Tukakaa pembeni kusubiri kijiko kije kutuvuta.

Wakati tunasubiri, wakaja watoto wanne wakivuta kijiko chao wenyewe. Mwili wa makopo ya mafuta ya kupikia, cheni zimekatwa kwenye ndala za zamani, mkono unanyanyuka kwa mabomba mawili ya sindano yaliyojazwa maji na kuunganishwa kwa mpira mwembamba. Wakakipitisha palepale gari letu lilipozama. Kikapita juu ya tope kama kinapita juu ya zulia.

"Shikamoo anko. Mbona chetu hakizami?"

Nikacheka, nikasema, "Kwa sababu ni chepesi." Jibu sahihi, lakini la kivivu. Maana cheni zake nazo ni ndogo, kwa hiyo uzito mdogo unakaa juu ya eneo dogo. Kama kila kitu kimepungua, si mambo yangebaki vilevile? Hayabaki. Na sababu ya kutobaki ndiyo mada yetu leo, kwa kuwa ukiielewa utaelewa pia kwa nini duara la mchimbaji linaweza kumuua mtu wakati shimo la mtoto halimfanyi kitu.

Watu wazima wanaocheza na vifaru

Usidhani kutengeneza mashine ndogo ni mchezo wa watoto peke yao. Huko Uingereza, kwenye kijiji cha Bovington mkoani Dorset, kuna makumbusho makubwa ya vifaru vya vita. Ndipo kilipohifadhiwa Little Willie cha mwaka 1915, babu wa vifaru vyote. Ndipo pia kilipo Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilichotekwa Tunisia mwezi Aprili 1943, ambacho mpaka leo injini yake inawashwa na kinatembea.

Kwenye makumbusho kama hayo hukutana watu wenye upenzi wa aina yake: wanaounda vifaru vya skeli ya moja kwa sita. Maana yake kila sentimita 6 za kifaru halisi zinakuwa sentimita 1. Hawa hawatumii plastiki na gundi. Wanatumia alumini na chuma, mota za umeme, betri, minyororo ya chuma yenye vipande vinavyounganishwa kimoja kimoja. Kazi inaweza kuchukua miaka. Siku ya mkutano wanavishusha kwenye magari kwa ngazi za mbao, wanaviwasha kwa rimoti, na vinaanza kupanda vilima na kuvuka madimbwi huku vikinguruma kwa spika iliyofichwa ndani.

Kwa Kiswahili tulimpa mtambo huu jina la mnyama: kifaru, mzito, ngozi ngumu, haogopi kichaka. Waingereza wenyewe walianza na jina la uongo. Wakati wa kuuunda waliuita "tangi" ili wasiojua wafikiri ni matangi ya maji, na jina likaganda. Uliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa. Wazee wetu wengi waliuona kwa macho miaka mingi baadaye, kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Sasa tuchukue huyo Tiger na tumpunguze kwa hesabu.

Urefu unagawanywa kwa 6, uzito kwa 216

Tiger halisi ina urefu wa takriban mita 8.45 ukihesabu na mzinga, upana wa mita 3.7, na uzito wa tani 57 hivi. Gawanya vipimo kwa 6: urefu sentimita 141, upana sentimita 62. Ni kama meza ya chakula.

Uzito je? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukigawanya tani 57 kwa 6 unapata tani 9 na nusu, uzito wa lori. Meza ya chakula haiwezi kuwa na uzito wa lori! Kosa liko wapi? Umepunguza urefu mara 6, lakini umepunguza pia upana mara 6 na kimo mara 6. Kwa hiyo ujazo umepungua mara 6 × 6 × 6, yaani 216. Kama vifaa ni vilevile, uzito unafuata ujazo: kilo 57,000 kugawanya kwa 216 ni kilo 264. Modeli halisi huwa nyepesi zaidi kwa sababu ndani hakuna injini ya chuma wala risasi, na mabati ni membamba. Hata hivyo mara nyingi hupita kilo 100, ndiyo maana zinahitaji ngazi na watu wawili wenye migongo mizima.

Na eneo? Eneo lina pande mbili tu, urefu na upana, kwa hiyo linapungua mara 6 × 6, yaani 36.

Tuweke pamoja. Ukipunguza kitu mara 6:

- urefu unapungua mara 6;
- eneo linapungua mara 36;
- ujazo na uzito vinapungua mara 216.

Hii inaitwa sheria ya mraba na mchemraba. Eneo linafuata mraba, uzito unafuata mchemraba, na mchemraba siku zote unakimbia mbele ya mraba. Ukishika hilo tu, mengine yote kwenye makala hii yanafuata.

Tope linajali nini?

Tope halijali uzito wako wote. Linajali kanieneo, yaani uzito uliogawanywa kwa eneo linaloukanyaga udongo. Ndiyo maana kisigino chembamba kinazama kwenye nyasi na ndala hazizami.

Tiger inaikandamiza ardhi kwa kilo 1 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Modeli yake ya kilo 264 ina uzito uliogawanywa kwa 216 na eneo lililogawanywa kwa 36. Kwa hiyo kanieneo yake imegawanywa kwa 6: kama kilo 0.17 kwa sentimita ya mraba. Linganisha na wewe. Mtu wa kilo 70, kila unyayo ukiwa na sentimita za mraba 150, akisimama kwa miguu miwili anaikandamiza ardhi kwa kilo 0.23. Unaona? Modeli ya kifaru, chuma kitupu, inakanyaga kwa upole kuliko wewe uliyeisimamia.

Kwa ndugu zangu wafugaji, kadirio lingine la kufurahisha. Ng'ombe wa kilo 300 kwenye kwato nne, kila ukwato sentimita za mraba 70, anakandamiza ardhi kwa kilo 1.07. Yaani ng'ombe wako na Tiger ya tani 57 wanakanyaga sawasawa! Na kile kijiko cha tani 20 kilichokuja kututoa, kwa cheni zake pana, hukanyaga kwa kilo 0.45 hivi, nusu tu ya ng'ombe. Ndiyo maana kilikuja kwenye tope ambalo gari letu dogo lilishindwa.

Kijiko cha watoto kilikuwa na urefu wa nusu mita hivi. Ukikilinganisha na kijiko halisi ni kama skeli ya moja kwa ishirini. Hata kama kingekuwa cha chuma tupu kama babu yake, kanieneo yake ingegawanywa kwa 20. Nacho ni cha makopo. Kingezama vipi?

Kidogo kina haraka

Kuna kitu kingine utakiona ukitazama video za modeli hizi. Zikiruka kwenye tuta, zinatikisika harakaharaka, na macho yako yanakuambia mara moja kwamba hicho ni kidude. Kwa nini?

Kwa sababu mvutano wa dunia haukupunguzwa. Angusha jiwe kutoka juu ya Tiger halisi, mita 3: linafika chini baada ya sekunde 0.78. Liangushe kutoka juu ya modeli, sentimita 50: sekunde 0.32. Urefu umepungua mara 6, lakini muda umepungua mara 2.45 tu, ambayo ni kipeuo cha pili cha 6. Watengenezaji filamu wanaijua siri hii. Wakipiga picha za meli au jengo dogo la kuigiza, wanazionyesha polepole ili kidogo kionekane kikubwa.

Sasa hii si hadithi ya sinema tu. Nenda kwenye karasha yoyote pale Mwakitolyo inayosaga mawe ya dhahabu kwa pipa linalozunguka na magololi ya chuma ndani. Magololi yanapandishwa na ukuta wa pipa, kisha yanaanguka na kuponda mawe. Pipa likizunguka kasi kupita kiasi, magololi yananata ukutani na hayaanguki, unachoma umeme bure. Kasi hiyo ya mwisho, kwa mizunguko kwa dakika, ni takriban 42.3 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa kwa mita. Pipa la mita 1: mizunguko 42. Pipa dogo la sentimita 25: mizunguko 85. Kipenyo kimepungua mara nne, kasi imepanda mara mbili. Kwa kawaida mapipa huendeshwa kwenye asilimia 70 hivi ya kasi hiyo, yaani mizunguko 30 kwa lile kubwa na 59 kwa lile dogo.

Kwa hiyo fundi aliyezoea pipa dogo la majaribio akaenda kuunda kubwa na kuliendesha kwa kasi ileile, hatasaga kitu. Ujuzi wake ni wa kweli, ila ni ujuzi wa saizi moja.

Panya shimoni

Waliojua haya mapema si wapenda vifaru. Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lilelile la mnyama mdogo, maana ingevunjika. Mtazame dikidiki wa kilo 5 na miguu yake kama vijiti, kisha mtazame kifaru mnyama wa tani moja na miguu yake kama magogo. Nguvu ya mfupa inafuata unene wake, ambao ni eneo. Mzigo unafuata ujazo. Mkubwa lazima anenepe miguu, hana namna.

Mwaka 1926 mwanabiolojia J.B.S. Haldane alitoa mfano unaotuhusu sisi wa kanda ya dhahabu moja kwa moja. Ukimwangusha panya mdogo kwenye shimo refu la mgodi, akifika chini anapata mshtuko kidogo na anaondoka zake, mradi ardhi ya chini iwe laini kiasi. Mtu anavunjikavunjika. Panya ana ngozi kubwa kulingana na uzito wake mdogo, hewa inamzuia kama mwavuli. Mtu ana uzito mwingi kulingana na ngozi yake. Shimo ni lilelile na mvutano ni uleule, ila saizi imebadilisha hatima.

Swali la pili

Turudi kwenye tope letu. Kijiko cha kutuvuta kilichelewa, na watoto hawakuwa na haraka. Walikuwa wamechimba "duara" lao kwenye udongo mkavu kidogo karibu na kichuguu, kina cha nusu mita hivi, kuta zimesimama wima kama zimekatwa kwa kisu. Mdogo kuliko wote akaniuliza swali ambalo silisahau:

"Anko, mbona la kaka linawekwa matimba na letu halina?"

Kaka yake anashuka duarani. Matimba, kwa usiyejua, ni magogo yanayowekwa kuzuia kuta na dari ya shimo zisiporomoke.

Hapa hesabu inaacha kuwa ya kufurahisha. Chukua udongo wenye uzito wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Kwenye kina cha nusu mita, udongo ulio juu unakandamiza kwa tani 0.9 kwa kila mita ya mraba. Kwenye mita 3, tani 5.4. Kwenye mita 30, tani 54. Ukumbuke Tiger yetu inakandamiza kwa takriban tani 10 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo udongo wa chini kwenye duara la mita 30 unabeba mkandamizo wa vifaru vitano vilivyobebana mgongoni.

Na nguvu ya udongo kujishikilia? Hiyo tunaiita mshikamano, na haijui shimo lako lina kina gani. Ni tabia ya udongo wenyewe, kwenye nusu mita na kwenye mita 5, kama ni udongo uleule. Mzigo unapanda na kina, mshikamano umekaa palepale. Kuna mahali vinakutana.

Kwenye vitabu vya uhandisi wa udongo kuna kanuni fupi: kimo cha juu kabisa cha ukuta wima usio na kizuizi ni mara nne ya mshikamano, ukigawanya kwa uzito wa udongo. Tuseme mshikamano ni tani 2 kwa mita ya mraba. Nne mara mbili ni nane, gawanya kwa 1.8, unapata mita 4.4. Shimo la watoto la nusu mita lina akiba karibu mara tisa. Kuta zake zinasimama, na zitasimama kesho. Shimo la mita 5 katika udongo huohuo halina akiba yoyote.

Halafu mvua inanyesha. Maji yakiingia, mshikamano unashuka. Ukishuka nusu, kimo kinakuwa mita 2.2, na hapo ukuta wa mita 3 uliosimama kiangazi kizima unakuwa deni linalosubiri kulipwa. Udongo wetu wa mfinyanzi pia hupasuka ukikauka, na ufa unapunguza tena kimo hicho kabla hata ya mvua.

Naomba unielewe vizuri: usiichukue mita 4.4 ukaenda kuchimba nayo. Nimechagua namba ya mshikamano ili kuonyesha hesabu. Ardhi halisi ina nyufa, ina tabaka, ina maji, ina mashimo ya jirani, na duara lililo wima halifanani na ukuta wa mtaro. Kinachobaki kweli kwenye ardhi yoyote ni mwelekeo: shimo dogo lililosimama halikupi ushahidi wowote kuhusu shimo kubwa. Na kauli ninayoisikia mara kwa mara, "mbona juzi tulishuka mita mbili bila matimba na hatukupata kitu," ni kauli ya mtu aliyepima modeli na kudhani amepima mgodi.

Gharama ya kosa hilo tunaijua. Mwaka 2015, pale Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa na kifusi, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia nzima ilishangaa, na ilikuwa haki kushangaa, kwa sababu mara nyingi habari haziishi hivyo.

Basi modeli hazina maana?

Zina maana sana, ila lazima ujue kipi hakikupungua. Wahandisi wa udongo waliliona tatizo hilihili: ukijenga modeli ya mgodi mezani, haiporomoki kamwe, maana mzigo wake ni mdogo mno. Wakapata ujanja. Wanaiweka modeli kwenye mkono mrefu wa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa, iitwayo sentrifuji. Mzunguko unaisukuma modeli nje, kama maji yanavyobaki kwenye ndoo ukiizungusha juu ya kichwa. Modeli ya skeli ya moja kwa hamsini inazungushwa mpaka "ihisi" mvutano mara hamsini wa kawaida. Hapo sentimita 60 za udongo zinabeba mzigo wa mita 30. Ikiporomoka, imeporomoka mezani na hakuna aliyefukiwa.

Wapenda vifaru wa Bovington hawahitaji mashine hiyo, wao wanataka kifaru chao kisizame, na sheria inawapendelea. Sisi tunaochimba, sheria haitupendelei hata kidogo.

Jaribu nyumbani

Chukua udongo wa mfinyanzi laini. Finyanga kipande chenye unene wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 10. Kiweke ukingoni mwa meza, chini kidogo ya nusu yake ining'inie nje. Kitakaa. Sasa finyanga kingine kwa udongo huohuo, mara tatu kwa kila kipimo: unene sentimita 3, urefu sentimita 30. Kining'inize vilevile. Kitapinda au kukatika. Umbo ni lilelile na udongo ni uleule, kimeongezeka ukubwa tu. Usipoona tofauti, ongeza maji kidogo kwenye udongo wote, urudie. Hapo utakuwa umejifunza na habari ya masika.

Yule mtoto nilimjibu hivi: "La kwenu ni dogo, udongo unaliweza. La kaka ni kubwa, udongo haujui kama umeongezewa mzigo, ndiyo maana anausaidia kwa matimba." Akatikisa kichwa kama mtu mzima. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka akisema timba moja linatosha?"

Nikamwambia amwambie kaka aongeze.